Karatasi ya lami ya kuchoma kwenye mapaa bapa ya chuo kikuu: uzoefu wangu

Kwa paa bapa la zege juu ya madarasa, maabara au maktaba, karatasi ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi naipa nyota nne kati ya tano. Moja naizuia kwa sababu karatasi hii haivumilii kutobolewa, na chuoni hakuna paa linaloachwa litulie. Leo idara ya kemia inapitisha bomba la kutolea mvuke, kesho watu wa mtandao wanafunga mlingoti, halafu wanakuja wa paneli za jua. Ninayoyasema hapa yanahusu aina ya milimita 4 yenye APP (plastiki inayochanganywa na lami), katika ukarabati wa majengo ambayo bado yanatumika.

Kwanza aina. Dukani utakutana na APP na SBS, ambayo lami yake imechanganywa na mpira badala ya plastiki. APP hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 150 na huvumilia jua vizuri. SBS hunyumbulika zaidi kwenye baridi na hurudi katika umbo lake baada ya kuvutwa, hivyo inafaa penye majira makali ya baridi au jengo linalochezacheza. Paa linalopigwa jua mwaka mzima nalipa APP. Kiini, yaani kitambaa cha ndani kinachoipa karatasi nguvu, kiwe cha poliesta. Cha nyuzi za kioo hakivutiki na hupasuka pale slabu (bamba la zege la paa) inapofanya ufa. Uso wenye chembechembe za mawe unafaa kwa tabaka la juu linaloachwa wazi. Uso laini lazima upakwe rangi ya alumini, tena baada ya wiki kadhaa, mafuta ya lami yakishajitoa juu. Ukiipaka mapema rangi hubabuka. Pima unene wa kila shehena mwenyewe, kwa sababu roli za milimita 3 hupenda kusafiri kwa jina la 4.

Hesabu ya roli huwapoteza wengi. Roli ni mita 1 kwa 10, lakini haifuniki mita za mraba 10. Mpishano wa pembeni unakula milimita 100 na wa mwisho 150, kwa hiyo zinabaki mita 0.9 kwa 9.85, takriban mita za mraba 8.87. Paa la mita 20 kwa 30 linataka roli 68 kwa tabaka moja. Mzunguko wake wa mita 100 unaongeza roli 4 kwa vipande vya upana wa milimita 330 vinavyopanda ukutani. Weka asilimia 5 ya upotevu, unafika 76. Praima, lami nyepesi inayopakwa kwanza ili karatasi ishike, hutosha mita za mraba 4 hadi 5 kwa lita, hivyo agiza lita 160. Roli moja ina kilo 40 na ushei, maana yake zote 76 ni zaidi ya tani 3. Usiruhusu zirundikwe katikati ya slabu. Zisambazwe juu ya mihimili, zisimame wima, tena kivulini. Roli iliyolazwa hubonyea, na iliyobonyea haishiki sawasawa.

Mteremko ndio unaoamua kama pesa yako imepotea au la, na katika majengo ya zamani mara nyingi haupo kabisa. Paa lililokamilika linatakiwa kuwa na angalau 1 kwa 80, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 80; wasanifu huchora 1 kwa 40 ili makosa ya mkono na kubonyea kwa slabu visilishushe chini ya hapo. Sasa tazama uzito. Paa letu la upana wa mita 20 likimwaga maji pande mbili, kila upande una mita 10. Kwa 1 kwa 80 skridi, tabaka la kutengenezea mteremko, inapanda milimita 125, ukijumlisha 25 za ukingoni unapata 150 kileleni, wastani 87.5. Skridi ya mchanga na saruji ina kilo 2,100 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unaweka kama kilo 184 kwa kila mita ya mraba, tani 110 juu ya jengo zima. Hakuna mhandisi makini atakayesaini hilo bila kufungua michoro ya slabu.

Dawa ya kwanza ni kuongeza matundu ya maji. Maji yakisafiri mita 5 tu badala ya 10, wastani wa skridi unashuka hadi milimita 56 na mzigo hadi tani 71. Dawa ya pili ni kubomoa skridi ya zamani na kuutoa uzito wake kwenye hesabu. Ya tatu ni zege la povu, au mbao za kuhami joto zilizokatwa kwa mshazari, ambazo ni nyepesi mno lakini zina sharti lake: za polistaireni huyeyuka zikiguswa na moto wa tochi ya gesi, kwa hiyo tabaka la kwanza juu yake liwe la kujibandika lenyewe. Mkandarasi akikuambia karatasi nzuri haihitaji mteremko, anakuuzia dimbwi.

Matundu yasipungue mawili kwa kila eneo, hata eneo likiwa dogo, na kila eneo liwe na tundu la dharura kwenye ukuta wa ukingo, juu kidogo ya usawa wa kawaida wa maji. Chuo kina miti, miti ina majani. Ukuta wa milimita 300 ukizibiwa matundu unashika kilo 300 za maji kwa mita ya mraba, mzigo ambao mapaa yasiyokusudiwa watu hayakusanifiwa kuubeba.

Kuhusu unyevu sina subira na mjadala. Zege jipya lisubiri siku 28. La zamani lililofunuliwa lifanyiwe jaribio: kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zifungwe kwa tepu, kikae saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake, usibandike. Maji yaliyonaswa yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu, na hapo ndipo yanapotoka yale malengelenge yanayoonekana wiki ya kwanza ya jua. Lengelenge likitokea hupasuliwa kwa alama ya X, hukaushwa, hubandikwa upya na kufunikwa kwa kiraka kinachopita kingo zake kwa milimita 150 kila upande.

Ubandikaji wenyewe si mgumu kwa fundi aliyezoea. Praima ikauke hadi isinate kidoleni. Kona zote za sakafu na ukuta zijazwe mchanga na saruji kwa mshazari wa milimita 50 kwa 50, kwa kuwa karatasi ikikunjwa kwa pembe kali hukatika kiini. Kazi ianzie chini, kwenye tundu la maji, ikipanda, ili kila mpishano uangalie chini kama vigae. Roli hufunguliwa yote kwanza, hunyooshwa, hurudishwa nusu, ndipo tochi huwashwa. Ishara ya kazi nzuri ni mstari wa lami iliyoyeyuka unaojitokeza kwenye ukingo wa mpishano, milimita 5 hadi 10. Usipouona, joto halikufika. Ukiona lami inatiririka na kiini kinaonekana, limezidi. Miisho ya roli za jirani isikae kwenye mstari mmoja, iachane kwa nusu mita au zaidi, na pale karatasi tatu zinapokutana, kona ya ile ya katikati ikatwe kwa nyuzi 45, vinginevyo hubaki kijitundu kama mrija. Tabaka mbili hulazwa upande mmoja na kusogezwa nusu upana. Kuzikatisha msalaba ni kujitafutia mikunjo.

Ukutani karatasi ipande milimita 150 juu ya uso wa mwisho wa paa, halafu iingie kwenye mfereji uliochongwa au ibanwe kwa pau ya chuma na silikoni juu. Milango ya kutokea paani ndiyo inayovunja sheria hii kila mara, maana kizingiti chake ni kifupi. Kiinue kizingiti kabla ya kazi kuanza.

Narudi kwenye nyota niliyoizuia. Kabla ya kutangaza zabuni, kusanya idara zote zenye kitu paani au zinazotaka kuweka: maabara, mtandao, umeme, viyoyozi, hali ya hewa, hata redio ya wanafunzi. Kila bomba liwe na shingo yake ya milimita 150 ambayo karatasi inapanda juu yake, na kati ya bomba na bomba au bomba na ukuta kuwe na nafasi ya milimita 300, kwa sababu tochi na mwiko haviingii kwenye nafasi ya kiganja. Vitako vya zege vya viyoyozi vimiminwe kabla, karatasi ipande juu yake. Vitu vyepesi vikae juu ya pedi za mpira na vigae vya zege bila boliti. Ukanda wa kukinga radi ushikwe kwa vishikio vinavyobandikwa. Skrubu moja kila mita ni tundu moja kila mita. Ongeza matundu mawili ya akiba yenye vifuniko kwa ajili ya nyaya za baadaye. Gharama yake ni ndogo kuliko kiraka kimoja.

Moto ni hatari ya kweli, na chuoni ina sura zake. Tochi haitakiwi kukaribia viungo vya kutanukia vilivyojazwa polistaireni, dari za mbao, viota vya ndege au majani makavu. Mabomba ya maabara ya kemia hutoa mvuke wa viyeyushi unaoweza kushika moto na usiofaa kuvutwa na fundi, kwa hiyo makabati ya mvuke yazimwe kwa maandishi na msimamizi wa maabara, si kwa simu. Kila siku kibali cha kazi ya moto, vizimamoto viwili karibu na tochi, na mtu wa kulinda kwa dakika 60 baada ya tochi kuzimwa, akikagua pia upande wa chini wa slabu. Penye mbao au pasipowezekana kuyazima makabati hayo, tumia karatasi ya kujibandika na usahau tochi. Praima nayo inanuka: matundu ya kuingizia hewa ya viyoyozi yafungwe siku hiyo, au darasa zima litoke na maumivu ya kichwa.

Majengo ya zamani yana jambo jingine. Lami na vigae vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Sampuli ziende maabara kabla ya patasi ya kwanza kugusa paa, kwa sababu kugundua katikati ya kazi kunasimamisha kila kitu.

Ratiba ifuate kalenda ya masomo. Kubomoa skridi kunatikisa mizani na hadubini ghorofa mbili chini, na mitihani haihamishwi. Likizo ndefu ndiyo nafasi ya kubomoa. Kubandika kunaweza kuendelea muhula ukianza. Kikosi cha watu wanne hubandika mita za mraba 80 hadi 120 kwa siku kwenye eneo wazi, lakini penye mabomba mengi hata 30 ni nyingi. Kanuni ninayoiandika kwenye mkataba ni kwamba kisifunuliwe kwa siku eneo kubwa kuliko litakaloweza kufunikwa kabla ya jioni. Chumba cha seva chini ya paa kifunikwe kwa turubai ndani hata kama anga ni jeupe.

Jaribio la maji lifanyike mara mbili. Ziba matundu, jaza maji hadi milimita 50 sehemu ya kina, ambayo ni kilo 50 kwa mita ya mraba, weka alama ya usawa, ngoja saa 24 hadi 48, kisha pitia dari za chini kwa tochi ya mkononi. La kwanza ni baada ya kubandika. La pili ni baada ya mafundi wa umeme na viyoyozi kuondoka, na hili ndilo linaloachwa, ilhali ndilo linaloonyesha buti na bisibisi zimefanya nini.

Dhamana ya miaka 10 isome hadi mwisho. Mara nyingi ni mbili, ya bidhaa na ya kazi, na kila upande unausukuma mzigo kwa mwenzake. Karibu zote zinajitoa penye maji yaliyotuama na penye tundu lililotobolewa na mtu mwingine. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiwe miezi 12 ili kipitie msimu mzima wa mvua, na nusu ya fedha za mkandarasi zilizozuiliwa ibaki hadi ukaguzi wa baada ya msimu huo. Ufunguo wa paa uwe idara ya majengo peke yake, pamoja na daftari la nani amepanda na amefanya nini. Bila daftari hilo, siku maji yatakapoanza kudondoka hutakuwa na hoja mbele ya mkandarasi.

Paa lenye mabomba yaliyosongamana, au lililo juu ya maabara isiyozimika, silitumii karatasi hii. Hapo naenda kwenye mpako wa majimaji wa poliyurethani wenye kitambaa katikati, ambao huzunguka kila shingo bila mpishano, kwa sharti kwamba unene wake upimwe ukiwa mbichi kila mita chache, maana unene wa mpako uko mikononi mwa anayeshika brashi.