TAHADHARI: Muuzaji wa "nobu ya kugawa koili" ambayo haigawi koili yoyote

Wapiga gitaa wenzangu, yupo muuzaji wa mtandaoni anayeuza seti za pikapu (vinasa-sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi za gitaa) pamoja na nyaya zilizokwisha kulehemiwa, na pia hupokea magitaa ya watu ili ayafanyie kazi hiyo yeye mwenyewe. Ahadi yake haibadiliki: ukivuta nobu ya voliumu, hambaka yako, yaani pikapu yenye koili (mizunguko ya waya mwembamba) mbili, inageuka kuwa pikapu ya koili moja, na gitaa moja linakupa sauti za magitaa mawili. Jina sitalitaja kwa sababu kila mara anafungua akaunti nyingine. Mchezo wake ndio mnaopaswa kuujua. Magitaa yaliyopita mikononi mwake yameletwa kwenye meza yangu ya ufundi na watu wasiofahamiana, na ndani nimekuta hila ileile.

Ili muione hila hiyo, tuanze na kazi halali. Hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume, kwa mzunguko wa waya na kwa sumaku, ili mvumo (kelele ya umeme) unaoingia koili ya kwanza ufutwe na ule wa koili ya pili. Seth Lover aliibuni akiwa Gibson, na ombi la hataza likawasilishwa mwaka 1955. Kwa kawaida koili hizo zimefuatana kwenye njia moja. Ukitaka kuigawa, unapaswa kupafikia pale zinapokutana na kupapeleka kwenye athi (upande wa ardhi wa saketi), ili koili moja inyamaze. Ndiyo maana pikapu ya kugawanywa hutoa nyaya nne za koili pamoja na waya wa kinga. Pikapu ya kizamani inayotoa waya mmoja tu uliozungukwa na msuko wa chuma haigawanyiki kutokea nje, kwa kuwa makutano ya koili yamefungiwa ndani. Fundi mzuri anaweza kuifungua na kuyatoa nje, lakini ni kazi ya roho mkononi: waya wa koili mara nyingi ni geji 42, unene wa milimita 0.063 hivi, na ukikatika pabaya pikapu imekufa.

Kwenye tangazo la huyu bwana zinaonekana nyaya nne za rangi. Kinachofika ni pikapu ya waya mmoja na msuko. Kisha anafunga nobu ya kuvuta yenye swichi ya miguu sita chini yake, na kwenye miguu hiyo analehemu kapasita ndogo (kijifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) inayokaa katikati ya njia ya sauti ukivuta. Kapasita hiyo inakata besi. Sauti inakuwa nyembamba na kali kidogo, na ambaye hajaishi na pikapu za koili moja anaamini kabisa. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana huu si uzembe. Asiyejua kazi angeacha swichi isiyofanya kitu. Huyu anajua vizuri jinsi koili iliyogawanywa inavyosikika, na ujuzi huo anautumia kuwalaghai wanafunzi wanaokusanya fedha kidogo kidogo.

Kumkamata hakuhitaji kufungua gitaa. Kwa gitaa lisilo na betri ndani, chomoa waya kwenye amplifaya na uache upande wa gitaa umechomekwa. Fungua voliumu yote, chagua pikapu moja tu, kisha pima omu (ukinzani wa umeme) kwa mita, waya mmoja wa mita ukiwa kwenye ncha ya jeki na mwingine kwenye shina lake. Hambaka nyingi huonyesha kati ya kiloomu 7 na 9, zile zenye nguvu zaidi hata 15. Sasa vuta nobu. Kama koili imegawanywa kweli, namba inashuka hadi karibu nusu: 8 inakuwa 4 hivi. Kama swichi inaziweka koili sambamba, inashuka hadi karibu robo, yaani 2. Kwenye vitu vya huyu muuzaji namba inapanda. Inaruka hadi mamia ya kiloomu, au mita inasema njia imekatika, kwa sababu umeme wa betri ya mita haupiti kwenye kapasita. Kugawa koili hakuwezi kamwe kupandisha omu. Ukiona imepanda, umeshapata jibu lako.

Huna mita? Chomeka gitaa, weka sauti chini, vuta nobu, kisha gusa kwa bisibisi vichwa vya chuma vya koili moja, halafu vya koili ya pili. Kwenye mgawanyo wa kweli upande mmoja utagonga kwa nguvu na mwingine utafifia. Kwake pande zote mbili zinagonga sawa. Sikiliza pia mvumo: koili moja iliyobaki peke yake huvuma ukisogea karibu na transfoma ya amplifaya. Mkimuuliza mbona haivumi, ana jibu tayari, kwamba ni "koili moja isiyo na mvumo". Msikubali. Pikapu za aina hiyo zipo, lakini nyingi zimetengenezwa tangu kiwandani zikiwa na koili mbili zilizopandana, hazizaliwi kwa kuvuta nobu. Akishindwa hapo atasema amplifaya yako ni mbovu, ataomba malipo ya ziada "kurekebisha athi", kisha kimya.

Anauza pia kapasita "za zamani za mafuta" kwa ajili ya nobu ya toni, akisifu kwamba zinahimili volti 400. Nimepasua moja: ndani ya ganda kulikuwa na kapasita ndogo ya plastiki ya kawaida kabisa. Na hata ingekuwa ya kweli, volti 400 zinasaidia nini kwenye gitaa, ambalo kwa kawaida halitoi zaidi ya volti moja hivi? Kinachobadilisha toni hapo ni thamani yake, 0.022 mikrofaradi kwa hambaka nyingi au 0.047 kwa koili moja.

Lililoniuma kuliko yote ni vifaa vya asili. Gitaa la zamani likienda kwake linarudi bila potenshiomita zake, yaani vidhibiti vilivyo chini ya nobu. Zile huwa na tarakimu zilizogongwa kwenye kibati: 137 mwanzoni ni kampuni ya CTS iliyozitengeneza, na zinazofuata zinataja mwaka na wiki, kwa mfano 1376633 ni wiki ya 33 ya mwaka 1966. Mnunuzi makini hutumia tarakimu hizo kuthibitisha umri wa gitaa, kwa hiyo zikiondoka thamani inaondoka nazo. Kabla ya kumkabidhi fundi yeyote gitaa, piga picha za ndani, na muandikiane kwamba kila kilichotolewa kitarudishwa.

Kabla ya kulipa, dai picha ya nyuma ya pikapu hiyohiyo utakayotumiwa, video ya mita nobu ikivutwa, na mchoro wa rangi za nyaya. Mchoro ni wa lazima kwa sababu kila kampuni ina mpangilio wake: kwa Seymour Duncan waya mweusi ndio unaobeba sauti, kwa DiMarzio ni mwekundu. Muuzaji wa kweli anayo hayo yote tayari.

Kama mzigo wake umeshakufikia, usikate waya wala kuyeyusha lehemu. Pima kwanza, piga picha ya mita nobu ikiwa chini na ikiwa juu, hifadhi mazungumzo yote, kisha fungua madai kwenye jukwaa ulikonunulia wakati muda wa kurejeshewa fedha bado upo.