TAHADHARI: Huyo "Bibi" anayejibu barua zenu alizikwa mwaka 1883

Jamani, hii naiandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Mama yangu mdogo ana uvimbe kwenye kizazi. Mwezi uliopita aliona tangazo kwenye simu: dawa ya mitishamba, ushauri bure, jaza fomu, siri yako iko salama. Akajaza yote. Umri, mimba zilizoharibika, siku zake zinavyokuja, hadi mambo ya chumbani. "Daktari" akajibu ndani ya dakika tano: dozi kamili ni shilingi 180,000. Mama mdogo akasema hana. Wiki haijaisha, wauzaji wengine watatu, kila mmoja na namba yake, wakampigia kumuuliza uvimbe unaendeleaje. Na hapo hata baba mdogo alikuwa hajaambiwa.

Alinionyesha simu akidhani pengine imerogwa. Nikacheka, halafu nikajuta kucheka. Huu mchezo una miaka zaidi ya 100. Nimeufuatilia kwa muda mrefu kwa sababu napenda tu habari za madawa ya kale, na nikiwatazama hawa wa leo naona kama wamerithishwa daftari. Watu wanaogopa kilichomo kwenye chupa, na wana haki. Lakini chupa ni chambo. Kinachotafutwa ni ule ukurasa ulioujaza.

Anzia Lynn, Massachusetts, Marekani. Mwaka 1875 Lydia Pinkham, ambaye familia yake ilikuwa imefilisika baada ya mtikisiko wa fedha wa 1873, alianza kuuza dawa ya maradhi ya wanawake aliyokuwa akiichemsha jikoni kwake. Dola moja chupa. Tusimwonee: madaktari wa zama zile walikuwa wanatisha, na kwa mwanamke kumweleza mwanamume mgeni habari za kizazi chake ilikuwa aibu kubwa. Kwa hiyo lilipokuja tangazo la "Mwandikie Bi. Pinkham", likiahidi kwamba barua yako haitasomwa na mwanamume, wanawake walishusha pumzi. Wakaandika. Sura yake ilikuwa kwenye chupa na kwenye magazeti, uso wa bibi mpole ambaye ungemkabidhi mtoto bila wasiwasi.

Bi. Pinkham alifariki Mei 1883. Matangazo hayakufiwa. Wanawake waliendelea kumwandikia mwaka baada ya mwaka, na majibu yakawa yanakuja, yameandikwa na makarani. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal, chini ya mhariri Edward Bok, lilichapisha tangazo lililosema Bi. Pinkham yuko kwenye maabara yake pale Lynn akiwasaidia wagonjwa, na ubavuni mwa tangazo hilo likaweka picha ya jiwe la kaburi lake. Miaka 22 imepita yumo humo. Kampuni ikajitetea kwamba Bi. Pinkham anayekusudiwa ni mkwe wake, Jennie. Sawa, ila sura kwenye chupa haikuwa ya mkwe.

Ndani ya chupa mlikuwa na mizizi kadhaa, mbegu za uwatu, na pombe takriban asilimia 18. Bia ya kawaida ni kama 5. Na mama mzima aliyeapa kanisani hatagusa kilevi alikuwa anapiga kijiko chake mara tatu kwa siku, anasikia nafuu, anaandika barua ya shukrani. Barua ya shukrani nayo inachapishwa, inavuta wengine kumi. Hapo mjue "ushuhuda" mnaotumiwa umetokea wapi.

Waingereza nao walikuwa na vidonge vya Beecham, vilivyotangazwa kuwa boksi moja lina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21 za kwao. Boksi liliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilivichunguza kikakuta shubiri, tangawizi na sabuni. Ndiyo, shubiri hii hii. Malighafi ya vidonge 56 iligharimu kama nusu ya fadhingi, na peni moja ina fadhingi nne. Mwenye hesabu apige mwenyewe. Ile peni na nusu ya juu ilikuwa ya stempu ya kodi ya serikali iliyobandikwa kwenye kila pakiti. Mnunuzi akiiona alidhani serikali imeikagua dawa ikaridhika nayo. Serikali ilikuwa imechukua kodi yake tu. Mtu akikwambia "tumesajiliwa", muulize kasajili nini: dawa, au jina la duka?

Hata neno hataza, yaani haki ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiigwe, walilibeba kwa ujanja. Dawa nyingi zilizoitwa za hataza hazikuwa na hataza yoyote, maana ukiomba hataza lazima utaje kilichomo, na kilichomo ndicho hawakutaka kijulikane. Dawa ya kutuliza watoto ya Mrs. Winslow ilikuwa na mofini, kilevi kikali kitokanacho na afyuni, na mama aliyekuwa anamnywesha kichanga chake kinachoota meno hakuambiwa na lebo. Alijua tu kwamba mtoto amelala. Wengine hawakuamka. Marekani ililazimisha mofini na pombe zitajwe kwenye lebo kwa sheria ya 1906. Kabla ya hapo, kimya.

Sasa nirudi kwenye barua, maana ndiko mama mdogo alikoumia.

Ulikuwa ukiandika mara moja kuomba ushauri, unaletewa fomu ya dalili. Unajaza. Jibu halijawahi kuwa "huna ugonjwa". Linakuja na bei kubwa. Ukinyamaza, barua ya pili inakuja na bei imeshuka, eti daktari amekuonea huruma. Ukinyamaza tena, ya tatu inashuka zaidi, ni nafasi ya mwisho. Barua zote hizo zilikuwa zimechapishwa tayari, jina lako likijazwa kwenye nafasi iliyoachwa. Ukikataa kabisa, bado una faida kwao: Marekani kulikuwa na madalali wa barua. Walizipanga kwa maradhi, hizi za kifua, hizi za wanawake, hizi za wanaume walioishiwa nguvu, wakaziuza au kuzikodisha kwa maelfu kwa muuzaji mwingine. Ndiyo maana mgonjwa aliyemwandikia mtu mmoja alishangaa kuona vipeperushi vya watu watano asiowajua, wote wakitaja ugonjwa wake.

Na kuna lililo baya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ndugu watatu wa ukoo wa Chrimes, Uingereza, walitangaza magazetini vidonge vya wanawake kwa njia ya posta. Tangazo lilizungumzia "kuziba" na "kuchelewa", na kila mwanamke aliyekuwa anahesabu siku zake kwa hofu alielewa linasema nini. Vidonge havikufanya lolote. Lakini ndugu hawa wakabaki na majina na anwani za maelfu ya wanawake ambao, kwa kuagiza tu, walijiona wametenda kosa, kwa kuwa kutoa mimba kulikuwa jinai nzito. Mwaka 1898 wakawaandikia wakijifanya afisa wa umma: tuna ushahidi wa ulichofanya, leta pauni 2 na shilingi 2 au ushitakiwe. Wanawake wakaanza kulipa. Fikiria mjakazi wa nyumba za watu anatafuta wapi pauni mbili. Desemba mwaka huo mahakama ya Old Bailey iliwafunga wawili miaka 12 kila mmoja, wa tatu miaka 7.

Mtauliza magazeti yalikuwa wapi. Yalikuwa yanakula. Kwenye mikataba ya matangazo Marekani wenye dawa waliweka kifungu: jimbo hili likipitisha sheria ya kutubana, mkataba umekufa. Mhariri akawa mlinzi wao bila kuombwa. Hili lilianikwa na jarida la Collier's mwaka 1905, na mpaka leo nikiona chombo cha habari kinamkaribisha "tabibu" saa nzima bila kumuuliza swali moja gumu, nakumbuka kile kifungu.

Mmoja aliyewashinda ni Louisa Carlill wa London, mnayemjua wote mliopita darasa la sheria ya mikataba, iwe Dar au Nairobi. Novemba 1891 alinunua kwa shilingi 10 mpira wa raba wenye unga wa kaboliki, dawa ya kuulia vijidudu, unaubonyeza unga unapanda puani. Tangazo liliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayeutumia kama ilivyoelekezwa kisha akapata homa ya mafua, na kwamba pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha hatutanii. Akautumia mara tatu kwa siku kwa karibu miezi miwili. Januari 1892 akaugua. Kampuni ikasema yale yalikuwa maneno ya biashara tu, nani anayaamini? Mahakama ya Rufaa ikajibu kwamba aliyetaja pesa zilizo benki ametaka aaminiwe, alipe. Akalipwa. Na muuzaji? Alitoa tangazo jipya la pauni 200, safari hii masharti yakiwa mengi, akijisifu kwamba kati ya maelfu ya wateja ni watatu tu waliodai zile 100. Huyo ndiye mnayetaka kumwonea haya.

Kwa mliokwisha kujaza fomu kama mama mdogo: msilipe hata senti kwa anayetishia kumwambia mwenzi wako au kazini. Hifadhini ujumbe wote, namba zote na majina ya waliopokea pesa, mpeleke polisi. Mwambieni mtu mmoja nyumbani mapema, kitisho kikose nguvu. Uvimbe upelekeni hospitali ukapimwe kwa macho ya mtu mnayemwona. Mama mdogo tumempeleka, wiki ijayo anarudi kwa kipimo cha pili.

Simu yake ninayo mimi kwa sasa. "Daktari" alishuka hadi 90,000 Ijumaa, kwa huruma. Nikiwa kwenye aya ya Bi. Carlill umeingia ujumbe mwingine: 45,000, nafasi ya mwisho, ofa inaisha saa sita usiku.