Mashine ya kusaga ya Nkuhungu, Dodoma: nusu debe ya dona kila baada ya wiki mbili

Kama unakaa Nkuhungu au mitaa ya jirani na unatafuta pa kuanzia ili familia yako ile vizuri zaidi, mimi nakuelekeza kwenye mashine ya kusaga. Nimeona majirani wakinunua chai za kupunguza tumbo na makopo ya unga wa kijani. Kopo likiisha, habari inaishia hapo. Mashine ninayoisifia hapa inasaga mahindi, mtama na uwele basi, na nyumbani kwangu imefanya kazi ambayo hakuna kopo lililoiweza.

Mume wangu alipimwa sukari akaambiwa inapanda, bado haijawa kisukari lakini inaelekea huko. Nesi akampa maneno matatu: punguza tonge, ongeza mboga, tembea. Ushauri mzuri, tatizo ni kuuishi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Natoka nyumbani giza halijaisha, narudi na madaftari ya kusahihisha, na anayepika jioni mara nyingi ni binti yangu wa kidato cha pili. Mpango wowote unaodai mapishi mapya na vitu vipya sokoni kwetu haufiki mbali. Nikaangalia kile tunachokula bila kukosa, nikabadilisha hicho. Ugali umebaki, sufuria ni ile ile, saa ya kula ni ile ile. Kilichobadilika ni unga.

Wengi tunaijua tofauti ya sembe na dona kwa macho tu. Tofauti yenyewe inaanzia kwenye kukoboa. Punje ya hindi ina ganda la nje, ina kiini chenye mafuta pale inapochipukia, na iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ni wanga. Mashine ya kukoboa inaondoa ganda pamoja na sehemu kubwa ya kiini, vinatoka kama pumba, na pumba zinauzwa kwa wafuga kuku. Humo kwenye pumba ndimo ziliko nyuzinyuzi nyingi za hindi, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Dona inasagwa punje nzima, hakitoki kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kwa sisi ambao ugali ndio mlo wenyewe, kufika huko kwa sembe ni kazi hata ukijitahidi kwa mchicha.

Mfuko nao unapona. Ukikoboa, sehemu ya mahindi uliyoyanunua kwa hela yako inabaki pale mashineni. Ukisaga dona, kilo ulizokwenda nazo ndizo unazorudi nazo, pungufu ya vumbi kidogo, na unalipia kazi moja badala ya mbili. Hapa nalipa shilingi 100 kwa kilo.

Sasa mashine yenyewe. Dodoma ziko nyingi, na kabla ya kutulia hapa nimesaga kwingine. Kilichonituliza ni sumaku. Mashine hizi za nyundo zina vipande vya chuma vinavyozunguka kwa kasi na kuipiga punje hadi iwe laini ya kupita kwenye chekeche. Chuma hicho kinalika taratibu, na vumbi lake linaingia kwenye unga. Kijana anayeendesha mashine hii, kabla ya kumwaga mzigo wa mteja, anachomoa sumaku iliyo kwenye mdomo wa kutolea unga, anaifuta kwa kitambaa kikavu, anairudisha. Nilimwomba anionyeshe kile kitambaa. Kilikuwa na mistari myeusi ya vumbi la chuma, laini kama masizi ya kibatari. "Mwalimu, hii yote ingekwenda nyumbani," akaniambia, akakikung'utia kwenye kopo la bati analolifunika. Kwenye mashine moja niliyokuwa nasaga zamani niliuliza sumaku iko wapi, nikajibiwa kwamba mashine ni mpya, haihitaji. Mpya nayo inalika. Popote unaposaga, uliza sumaku kwanza, bei baadaye.

Kijana huyu pia hachanganyi. Kama aliyekutangulia alisaga uwele au mtama, anachukua bakuli moja la mahindi yako, analipitisha peke yake ili lisukume mabaki, na unga ule anakuwekea pembeni kwenye kimfuko. Nyumbani tunawapa kuku. Ni jambo dogo, lakini kwa mtu mwenye mtoto ambaye tumbo lake ni jepesi, ni heshima kubwa.

Unga unapotoka ni wa moto. Ukiufunga hapo hapo, ndani ya mfuko unatoka jasho, na jasho ndilo linaloita ukungu. Mimi nikifika nyumbani nautandaza kwenye shuka safi juu ya mkeka, ndani, mbali na jua, hadi mkono ukigusa usisikie joto. Ndipo naumimina kwenye ndoo yenye kifuniko.

Na hapa ndipo utaratibu wetu ulipojijenga. Dona haitaki kulimbikizwa. Yale mafuta ya kiini yanayoifanya iwe na ladha ndiyo yanayoiharibu ikikaa sana: inaanza harufu ya mafuta ya zamani, halafu inakuwa chungu. Kwa hiyo hatusagi gunia. Tunasaga nusu debe, kama kilo tisa hivi, inatutosha watu watano wiki mbili kwa kuwa siku nyingine tunakula wali au viazi. Kila Jumamosi ya zamu, mume wangu anajitwisha mahindi begani na tunakwenda kwa miguu. Zamani mzigo huo alikuwa anautuma kwa bodaboda. Ni mwendo wa dakika ishirini kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na njiani ndipo tunapozungumza mambo ambayo katikati ya wiki hayapati nafasi. Siku ambazo si za kusaga nimemwona akivaa viatu mwenyewe na kwenda kuzunguka hadi upande wa barabara kuu, bila mtu kumkumbusha neno la nesi.

Nisisitize kuhusu mahindi, maana watu wanaisifia dona na kulinyamazia hili. Sumukuvu inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyovunwa mbichi, iliyoanikwa chini kwenye udongo au iliyohifadhiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, ndiyo maana anayekoboa anaipunguza, na anayesaga dona anaila yote iliyomo. Mwaka 2016 ilituulia watu hapa hapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara. Kenya, mwaka 2004, watu 125 walifariki, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayo hayo, na mtu asikudanganye.

Sisi tunanunua mahindi ya Kibaigwa msimu wa mavuno, kwa mtu tunayemfahamu, na tunayapima kwa chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, unatia mahindi hadi yafike kama robo, unaongeza vijiko vichache vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa. Unafunga, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, hayafai kuwekwa ghalani. Ikidondoka yote chini, yamekauka. Baada ya hapo tunayahifadhi kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo haitaki dawa ya wadudu.

Halafu kuchambua. Ijumaa usiku, baada ya kula, sinia linawekwa katikati na kila mtu anachagua: punje zenye rangi ya kijivu au kijani, zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizovunjika, zote zinatoka. Hizo tunazitupa kabisa, hatuwapi hata kuku, kwa sababu sumu hiyo inamdhuru kuku pia. Mwanangu wa mwisho ana miaka saba na macho yake ni makali kutuzidi wote. Ile saa ya sinia simu zinakuwa mbali, kwa kuwa mikono ina kazi. Sikuipanga iwe hivyo, na sasa naithamini kuliko unga wenyewe.

Jikoni, msiibadilishe nyumba kwa siku moja. Sisi tulianza na mchana wa Jumamosi peke yake. Kisha uji wa asubuhi, ambao kwa dona unakuwa mzito na mtamu hata ukipunguza sukari. Kisha tukachanganya nusu sembe nusu dona kwa ugali wa jioni, hadi ndoo ya sembe ilipoisha na hatukuijaza tena. Dona inakunywa maji zaidi, na inataka kuiva. Koroga uji wake kwanza, uuache uchemke hadi utoe mapovu mazito, ndipo uanze kuongeza unga na kusonga. Ukikimbilia kusonga, unakwaruza kooni na watoto wana haki ya kuukataa. Mama mkwe wangu, aliyekulia Kongwa kwenye ugali wa uwele, alipoonja wa kwetu kwa mlenda alisema, "Sasa mmerudi kula." Kwa mlenda, kwa kweli, sembe haifui dafu mbele ya dona.

Matokeo nayaeleza kama yalivyo. Tumbo la binti yangu, aliyekuwa anasumbuliwa na choo kigumu, limetulia. Mume wangu anashiba mapema, tonge limepungua bila ugomvi mezani, na vipimo vyake vya karibuni vimeshuka. Siwezi kusema ni dona peke yake, kwa sababu anatembea na mboga kwenye sahani zimeongezeka. Dona bado ni wanga. Mwenye kisukari akila mlima wa dona, sukari itapanda tu, na asiache dawa wala kliniki kwa sababu ya unga. Wajawazito nao wajue kwamba viwanda vikubwa huongeza virutubishi kama madini ya chuma na foliki asidi kwenye unga wao, na mashine ya mtaani haiongezi. Vile vidonge vya kliniki viko pale pale, hata kama nyumbani mnakula dona asubuhi na jioni.

Kasoro zipo. Kelele ni kubwa, mtoto mdogo usimweke karibu. Vumbi linajaa hadi kwenye nyusi, na huyu kijana mwenyewe anafanya kazi bila kuziba pua. Nimemshonea barakoa mbili za kitambaa, anavaa anapokumbuka, lakini mwenye mashine ndiye anayepaswa kumnunulia za maana, tena leo. Umeme ukikatika, foleni inalala, na hakuna jenereta. Hakuna pa kukaa zaidi ya benchi moja, wazee wanasimama. Jumamosi kuanzia saa nne watu wanakuwa wengi, na hapo ndipo ule utaratibu wa kupitisha bakuli la kwanza unaporukwa usipousemea. Mzani, kwa upande mwingine, sina shaka nao: nimepima nyumbani kwa mzani wangu mara nyingi, na unaelewana na wake.

Alama zangu ni nne kati ya tano. Ya tano ataipata mwenye mashine siku atakapoleta barakoa na benchi la pili.

Ukija, fika saa mbili asubuhi, wanafungua saa moja na nusu. Njoo na mahindi yaliyochambuliwa, maana hapa hawachambui. Leta mfuko wa kitambaa uliofuliwa, usilete wa nailoni, na usikubali unga wako uingie kwenye gunia la zamani la mbolea hata kama limeoshwa. Mwambie kijana mapema, kabla hajawasha, kwamba unataka dona na chekeche la tundu ndogo, la sivyo atakuwekea lile la chakula cha mifugo lenye matundu makubwa na ugali utakuwa na mchanga mchanga. Mwenye mtama au uwele aende siku za katikati ya wiki, Jumatano ndiyo huwa na nafasi.