Kilwa Kisiwani: nyota 4 na nusu, nyingi ni za yule muongozaji

Kwanza niseme kazi yangu manake ndo inayonifanya niandike rivyu ndefu hivi. Mi huwa naandika vibao vya makumbusho, yale maneno unayoyakuta ukutani pembeni ya chungu. Ni kibarua tu, unaletewa karatasi sita za mtaalamu unaambiwa zifupishe zienee kwenye ubao, na ukimaliza wanakurudishia eti umetoa vitu vya muhimu. Kwa hiyo nikienda sehemu ya kihistoria siangalii magofu peke yake, naangalia na watu wanasikiliza nini na wanachoka wapi.

Safari hii nilienda na dada yangu na wanae wawili, wa miaka 9 na 12. Tulilala Kilwa Masoko, asubuhi tukalipia kibali, tukapewa muongozaji, kijana wa hapohapo, tukashuka bandarini kupanda boti ya kwenda Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Nikasema moyoni haya sasa tunaanza, karne ya kumi na moja, Washirazi wa kutoka Uajemi, urithi wa dunia tangu 1981, nayajua yote hayo nimeyaandika mara ngapi.

Hakuanza huko. Boti imetoka kidogo tu akamgeukia dada, "Mama samahani, hiyo kanga yako urefu wake ni mita ngapi?" Dada akasema moja na nusu hivi. Akawageukia watoto, akawaonyesha kisiwa kile mbele yetu, "Haya, kisiwa chote kile kukizungushia kanga zinaingia doti ngapi?"

Aisee. Watoto walikuwa kwenye simu, wakaziweka chini. Ndo akawapa ile hadithi ya zamani, kwamba Ali bin Hassan wa Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kukizunguka chote, na yule mwenyeji aliyeuza akahamia bara halafu akajuta, akataka arudi na watu wake maji yakipwa, manake enzi hizo unavuka kwa miguu. Akakuta hapapitiki tena. Wengine husema ulichimbwa mkondo, wengine husema ni dua zilisomwa. Wa miaka 12 akauliza ni kweli? Kijana akacheka, "Mi nakupa ilivyosimuliwa, risiti sina." Hapo mi nilitamani nimkumbatie. Kwenye vibao vyetu sentensi kama hiyo tunaizungusha mistari minne.

Sasa nilichojifunza kikubwa, na hiki hakuna karatasi ya mtaalamu iliyowahi kunipa, ni namna alivyopanga maneno yake kwa kufuata jua. Palipo na jua kali anasema kitu kimoja, anauliza swali, mnatembea. Hadithi ndefu zote kaziweka kivulini. Tulipoingia Msikiti Mkuu, chini ya yale makuba, pana ubaridi ubaridi, akatuambia kaeni. Ndo akamtoa Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyeandika safari zake, aliyepita hapa 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa kutoa. Sultani anatoka swala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen anamsimamisha, nataka hizo nguo ulizovaa. Si nyingine, hizohizo. Sultani akaingia ndani akabadilisha akampa. Baadae mwanae akazichukua zile nguo kwa fakiri akamlipa watumwa kumi, sultani aliposikia watu wanavyosifu na yeye akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wa miaka 9 akauliza, "Na wale watu ishirini wao walipewa nini?"

Kimya. Muongozaji hakukimbilia kujibu wala hakubadilisha mada, alisema tu, "Hilo Ibn Battuta hakuandika." Tukakaa na hiyo kidogo. Mi kama mwandishi wa vibao nakiri hiyo stori ningeikata pale pa ukarimu tu, ibaki tamu.

Na ona nguo ilivyorudi tena, kwenye boti nguo, msikitini nguo. Sijui kama alipanga au ndo ulimi wake, ila watoto waliunganisha wenyewe bila kuambiwa.

Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kale, ni mwendo na jua lilikuwa limeshapanda, nilikuwa hoi. Pale hakuhutubia, aliwaambia watoto wahesabu pande za bwawa wakatoka mbio, ni nane. Akasema jumba lilikuwa na vyumba zaidi ya mia na halikuwahi kumalizika, basi, tukaachwa tuangalie bahari kutoka juu pale. Ya Wareno kuvamia 1505 aliisema kwa kifupi tu, mi ningependa zaidi lakini wenzangu walikuwa washaanza kuuliza habari za chakula kwa hiyo alikuwa sahihi yeye.

Nilinganishe na makumbusho moja ya mjini, jina kapuni, niliyowapeleka haohao watoto mwaka jana. Kabati la kwanza kabisa ubao unaanza "Keramiki zenye glezi ya kijani za karne ya 14", maneno kama mia mbili, herufi ndogo, urefu wa mtu mzima. Walipita kama wanapita duka la spea. Kisiwani huku wa miaka 9 alikiona kigae cha aina hiyohiyo ardhini, muongozaji akamwambia usikichukue ila kipapase, hiki kimetoka China kwa jahazi, unadhani kilikuwa bakuli au sahani? Wakabishana mpaka bandarini.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu hakuna cha kurudi nacho nyumbani, hata karatasi moja yenye hizo hadithi kwa Kiswahili cha mdomo kama alichotumia yeye. Nilimuuliza kama ameshawahi kuziandika, akasema zikiandikwa zitaanza na "Utangulizi".

Nendeni asubuhi, bebeni maji ya kutosha, na viatu viwe vya kulowa. Kama mna mtoto anayependa hesabu, dada ana kikokotoo mpaka leo kimeandikwa doti na wamekwama kwenye mzingo wa kisiwa.