Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita safi, saa za kubahatisha

Kwa miezi kadhaa sasa natumia kikokotoo kimoja cha bure mtandaoni. Unaandika uwanja wa kuondokea na wa kufikia, papo hapo kinakupa kilomita na muda wa safari. Kwenye kilomita sina ugomvi nacho. Kwenye saa ndiko tulikokosana.

Niliweka JFK ya New York na Heathrow ya London. Kikanipa kama kilomita 5,540, yaani maili za baharini 2,991 hivi, na kwenye ramani mstari ukapinda kwenda juu kuelekea kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Nilidhani ramani imeharibika. Kumbe ndiyo njia fupi yenyewe: chukua tufe, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili, utauona unapita huko huko.

Muda: saa 7 na dakika 25. Nikageuza safari, London kwenda New York. Saa 7 na dakika 25 tena! Hapo nikashtuka, maana ratiba za mashirika huonyesha karibu saa 7 kwenda London na karibu 8 kurudi. Huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki; ukienda nao unakusukuma, ukirudi unapambana nao. Nikashika kalamu. Kilomita 5,540 gawanya kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa ni saa 6 na dakika 55, ongeza nusu saa, jibu lile lile. Basi siri yake ndiyo hiyo: kasi moja kwa dunia nzima, na nusu saa ya kupaa na kutua.

Nikakijaribu tena kwa Helsinki na Tokyo, karibu kilomita 7,800. Kikasema saa 10 na robo. Lakini tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya yamefungiwa anga la Urusi, ndege zinazunguka, na safari hiyo sasa inakaribia saa 13. Kikokotoo hakina habari.

Kingine kilichonichosha ni majina. Niliandika San José nikiwa na maana ya Costa Rica, kikanipeleka California bila kuuliza. Tangu siku hiyo naandika herufi tatu za uwanja tu: SJO ni ya Costa Rica, SJC ni ya California.

Nikiri na kosa langu pia. Nilitaka kukihakiki kwa tiketi: ndege inaondoka New York saa kumi na mbili na nusu jioni, inatua London saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikahesabu saa 12 nikaanza kukilaumu kikokotoo, nimesahau kabisa kwamba kila mji umeandikiwa saa zake na London iko mbele kwa saa 5. Toa hizo, zinabaki 7.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Wangeandika tu pembeni ya muda neno "makadirio", pamoja na kasi waliyotumia, ningeongeza ya nne. Kwa sasa nachukua kilomita zake, hasa ninapolinganisha njia za kuunganisha ndege, na muda nausoma kwenye ratiba ya shirika lenyewe.