Bastola Nyepesi ya Silinda, Kaliba Tatu: Uchambuzi Baada ya Miezi Minne ya Kuipiga

Watazamaji wapendwa, karibuni. Kabla sijasema lolote, naomba mtazame silinda hii nikiwa nimeifungua: matundu matano, yote matupu, na hakuna risasi hata moja juu ya meza. Bastola mnayoiona ina fremu ya alumini iliyochanganywa na skandiamu, metali nyepesi, silinda yake ni ya titaniamu, na uzito wake ikiwa tupu haufiki gramu 350. Ilitoka kiwandani ikiwa tayari kupiga .357 Magnum na .38 Special. Mimi nikaipeleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni, akaitengenezea silinda ya pili inayopokea kaliba (kipimo cha risasi) ya tatu: risasi za milimita 9, zile zinazotumika katika bastola za magazini. Nimeipiga kwa miezi minne, na leo ninataka kueleza kwa uwazi kaliba hiyo ya tatu imenipa nini na imenigharimu nini.

Tuanze na jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka, nalo ni kwamba kaliba mbili za kwanza hazihitaji fundi yeyote. Risasi ya .38 Special ilibuniwa na kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani mwaka 1898, na katikati ya miaka ya 1930 ganda lake likarefushwa kidogo, ikapatikana .357 Magnum. Msidanganywe na namba, kwa maana kichwa cha risasi katika zote mbili kina kipenyo kilekile cha inchi 0.357, yaani takriban milimita 9.07, na maganda yote mawili yana ukingo uleule nyuma unaoyazuia yasizame ndani ya tundu. Tofauti iko kwenye urefu: ganda la .38 lina milimita 29.3, la .357 lina karibu milimita 32.8. Kwa hiyo bastola ya .357 huipokea .38 bila shida, ila moshi wa ganda fupi huacha pete ya masizi mbele ya tundu, na usipoisugua vizuri, siku utakayotaka kuingiza ganda refu utaliona linakwama.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa hatari, na ninaomba unisikilize kwa makini. Wapo watu wanaotaka kuchimba matundu ya bastola nyepesi ya .38 ili ipokee .357. Usifanye hivyo, wala usimruhusu fundi akufanyie. Kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi ya Marekani, shinikizo la juu la .38 Special ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, ilhali la .357 Magnum ni pauni 35,000. Hilo ni zaidi ya mara mbili. Ganda la Magnum lilirefushwa kwa makusudi ili lisiingie katika silaha za zamani ambazo zisingeweza kulistahimili, na anayechimba tundu anaiondoa kinga hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye milimita 9. Risasi hii ina mambo mawili yanayoitenga na wenzake. Kwanza, ganda lake halina ukingo unaojitokeza, hivyo nyota ya kutolea maganda, kile kipande cha katikati ya silinda kinachoyasukuma nje, haina pa kulishika. Pili, ijapokuwa ganda ni fupi, yaani milimita 19 na kitu, kitako chake ni kinene kuliko cha .38: karibu milimita 9.9 dhidi ya 9.6. Tatizo la kwanza hutatuliwa kwa klipu ya duara kama hii, bamba jembamba la chuma linaloshika risasi zote tano kwa pamoja. Wazo lenyewe ni la tangu mwaka 1917, jeshi la Marekani lilipohitaji bastola za silinda zinazopiga .45 ya magazini, zikatengenezwa klipu za nusu duara zilizoshika risasi tatu tatu.

Tatizo la pili ndilo linalowagawa mafundi. Njia rahisi ni kuipanua silinda ileile moja ili ipokee kaliba zote tatu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Phillips & Rodgers ya Texas iliunda bastola iitwayo Medusa Model 47, iliyopiga aina nyingi sana za risasi za kundi hili, lakini ile ilibuniwa hivyo tangu mwanzo na ilikuwa nzito. Kupanua silinda nyembamba ya bastola ya mfukoni ni habari nyingine kabisa. Nimewahi kupiga bastola ya rafiki iliyofanyiwa kazi hiyo, na maganda ya .357 yalitoka yamevimba kitakoni, mawili yakiwa yamepasuka, kwa sababu pale palipopanuliwa kwa ajili ya milimita 9 ganda jembamba halina ukuta wa kuegemea. Sikuendelea kuipiga.

Ndiyo maana nilichagua silinda ya pili. Tazameni ninavyoibadilisha: ninalegeza skrubu hii ya pembeni, mkono wa silinda unatoka mbele, silinda moja inatoka na nyingine inaingia. Inaonekana rahisi, lakini kazi ya fundi imejificha hapa. Kila tundu lazima lisimame sawasawa na mtutu wakati nyundo inapoanguka, na mwanya kati ya silinda na mtutu, ambao katika bastola hii ni kama milimita 0.15, lazima ubaki uleule kwa silinda zote mbili. Kwa hiyo silinda hii ni ya bastola hii pekee. Fundi ameiandika namba ya silaha, nami ninamsifu kwa hilo.

Kwa ulengaji, katika mita kumi, .38 zilikusanyika ndani ya kiganja. Milimita 9 zilitawanyika zaidi, si kwa kiasi cha kuudhi, lakini kila mara. Kichwa chake kina kipenyo cha inchi 0.355, kwa hiyo kinalegea kidogo katika mtutu uliochongwa kwa 0.357, tena kwa kuwa ganda ni fupi, kichwa husafiri umbali mrefu ndani ya silinda kabla ya kuukuta mtutu.

Kuhusu teke, sitawaficha. Kwa risasi ileile, bastola yenye theluthi moja ya uzito wa nyingine hurudi nyuma kwa nishati mara tatu, na .357 katika silaha hii huumiza kiganja kuanzia risasi ya kwanza. Nilipiga kumi, nikaziweka kando. Milimita 9 ni kali lakini inavumilika, na silinda yake ya chuma cha pua, iliyo nzito kwa gramu 60 hivi kuliko ile ya titaniamu, inasaidia.

Teke hilo lina madhara mengine ambayo wachambuzi wachache huyapima. Bastola inaporuka nyuma kwa nguvu, vichwa vya risasi zilizobaki hutaka kusalia mahali pake, vikajivuta kutoka kwenye maganda, na kimoja kikijitokeza kupita mdomo wa tundu, silinda hugoma kuzunguka. Smith & Wesson huchapa kwenye mtutu wa bastola yake ya 340PD, ambayo ni ya daraja hili hili la uzito, onyo la kutotumia risasi za Magnum zenye kichwa chepesi kuliko greni 120 (kama gramu 7.8). Risasi za milimita 9 zina udhaifu zaidi hapa, kwa kuwa maganda mengi ya aina hiyo hayakubanwa mdomo kwa nguvu kama ya bastola za silinda. Kipimo ni hiki: jaza tano, piga nne, kisha pima urefu wa ile ya tano ukilinganisha na ulivyokuwa. Kati ya aina nne za milimita 9 nilizojaribu, mbili zilisogea, na moja kati ya hizo ilifunga silinda kabisa, nikalazimika kuielekeza bastola kwenye tuta la mchanga na kusubiri msimamizi wa uwanja.

Kwa hiyo ninayoibeba ni silinda ya titaniamu yenye .38 tano. Silinda ya milimita 9 ninaitumia uwanjani kwa mazoezi, pamoja na zile aina mbili ambazo hazikusogea, nazo nimezitia rangi nyekundu kwenye klipu ili zisichanganyike na nyingine.