Mwiko wa Meno kwa Kazi ya Mosaiki: Nunua Huu, Wacha Ule

Picha mnazonitumia zinafanana. Ukuta wa bafu Mamboleo, nyuma ya meko Kakamega, kaunta ya mkahawa Nakuru: mosaiki ya kioo ya buluu, yaani taili za vipande vidogo, imenunuliwa kwa pesa ya kuumiza, na kati ya vipande pametapakaa madoa ya gundi ya kijivu ambayo grauti nyeupe, ile ya kujaza mianya, imeshindwa kuyafunika. Swali nalo ni lile lile: "Dada, kuna grauti gani itafunika hii?" Hakuna. Grauti inahitaji mahali pa kuingia, na mahali hapo pameshajaa gundi. Msimlaumu aliyewauzia grauti. Angalieni mwiko wa fundi, lile bati lenye mpini la kupakia gundi, na kwenye mwiko angalieni kitu kimoja ambacho hakuna anayekiuliza dukani: ukubwa wa meno.

Kwa hivyo leo napanga miko. Mpini laini, uzito, chuma kisichoshika kutu, hayo mtajisomea kwenye kibandiko.

Hesabu ni hii. Kipande cha mosaiki ya kioo huwa na unene wa milimita 4 hivi. Miko mingi ninayoiona kwenye hadiwea zetu ina meno ya mraba ya milimita 10 kwa 10, na meno hayo yalikusudiwa taili kubwa za sakafu. Ukipaka gundi kwa mwiko huo ukiwa umesimama wima, matuta yanayoachwa na meno yakishalala linabaki tandiko la karibu milimita 5. Gundi imekuwa nene kuliko taili! Sasa bonyeza shiti ya sentimita 30 kwa 30, yenye vipande vidogo zaidi ya mia mbili na mwanya kuzunguka kila kimoja. Gundi ya ziada itapita wapi kama si kwenye hiyo mianya? Chini ya taili ya sentimita 60 ingetandazika na kutulia. Chini ya mosaiki inapanda juu kama uji uliosahauliwa jikoni, na fundi anaendelea na shiti inayofuata huku hii ikikauka.

Unachotaka ni meno ya pembetatu ya milimita 4 hadi 5. Ukiyakosa, mraba usiozidi 6 kwa 6, na fundi aulaze mwiko mshazari, nyuzi 45 hivi, ili tandiko lipungue zaidi. Nenda dukani na rula ya mtoto ya shule. Pima upana wa jino, kina chake, na pengo. Wakikucheka, wacheke.

Namba moja kwangu ni Rubi, na sijifichi: nawapendelea. Ni kampuni ya Hispania iliyoanza mwaka 1951, wakati ndugu wa ukoo wa Boada walipotengeneza mashine ya mkono ya kukata taili, na mpaka leo kazi yao ni taili. Inaonekana. Kwenye miko yao niliyoshika, meno yamekatwa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na bati halipindiki ukiligandamiza ukutani. Bati likipinda, katikati gundi inakuwa nyembamba na pembeni nene, na mosaiki haifichi kitu. Kila kipande kidogo kinafuata bonde lake, halafu taa ya bafu ikiwaka unaona mawimbi. Ila sikilizeni: Rubi ya meno ya milimita 10 ni mbovu kwa mosaiki sawa na mwiko wowote wa meno 10. Jina halipunguzi meno. Kisumu huenda ukalazimika kuagiza saizi ndogo kutoka Nairobi, uletewe na basi. Agiza.

Namba mbili itawashangaza. Nunua mwiko laini mzuri, ule wa kupigia plasta, usio na jino hata moja, umpelekee fundi wa chuma wa jua kali pale Kibuye. Mwambie akate meno ya pembetatu ya milimita 4 na nusu upande mmoja kwa tupa ya pembe tatu, na upande wa pili auache ulivyo. Mchoree kwenye karatasi. Simama hapo hapo mpaka amalize, maana ukienda kunywa chai utarudi ukute meno ya msumeno. Ule upande laini una kazi yake, nitaieleza.

Namba tatu ni miko ya Ingco, Total na wenzao wa bei nafuu. Ukipata wenye meno ya milimita 6, chukua, utamaliza bafu moja. Ile ya plastiki, hapana. Meno yanaisha kabla ukuta haujaisha.

Mwiko mzuri kwenye mkono usiojua bado utakuletea madoa. Fundi apake gundi kwa upande wa meno, ndiyo apate kipimo, kisha ageuze mwiko na kulaza matuta kwa upande laini. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu kwenye taili kubwa haihitajiki. Kwa kioo kinachopitisha mwanga, matuta yasipolazwa yataonekana kama mistari nyuma ya taili, na hakuna dawa. Gundi nayo iwe nyeupe, kwa sababu kijivu hufifisha rangi ya kioo. Soma herufi kwenye mfuko: C2 inashika kwa nguvu zaidi ya C1, T haiteremki ukutani, E inakupa angalau nusu saa kabla uso haujakauka. Kwa joto la Kisumu hiyo E ni lazima, na hata hivyo asipake zaidi ya mita moja ya mraba kwa mara. Aguse kwa kidole. Gundi isiposhika kidole, aikwangue apake nyingine.

Shiti ikishawekwa, aigonge polepole kwa kibao bapa, kisha aangalie mianya palepale. Gundi iliyochungulia itolewe kwa kijiti ikiwa bado mbichi. Kesho yake itahitaji kisu na machozi. Cha kukatia vipande: koleo lenye magurudumu mawili madogo, basi. Grinda inapasua kingo za kioo.

Na sasa wauzaji. Mmoja kwenye Oginga Odinga Street nilimwomba mwiko wa meno madogo, akaniletea wa 10. Nikamwonyesha rula, akaniambia, "Mathe, meno ni meno." Haya, bei? Hakuna kibandiko chochote. Mimi nikaambiwa 1,200. Kijana mwenye ovaroli ya rangi aliyeingia nyuma yangu akaambiwa 800, mwiko ule ule, mimi nimesimama hapo na mkoba wangu. Nilipokubali kulipa na kuomba risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa kodi wa KRA, nikaambiwa basi niongeze asilimia 16, kana kwamba VAT ni zawadi ninayompelekea mtu Nairobi kwa hiari yangu. Bei inayotangazwa kwa mnunuzi inatakiwa iwe na kodi ndani. Siku hizi nauliza kwa simu kwanza, na nauliza hivi: "Mwiko wa meno 6, pamoja na risiti, ni ngapi?" Wengine hukata simu. Wale wanaobaki kwenye laini ndio ninaowapelekea pesa yangu.